Karani wa Sufi Aliyelisoma Bonde Letu

Wasee, swali la haraka kabla hujashuka chini. Nani alilipa Bonde la Ufa jina lake?

Najua umelisoma tangu shule ya msingi. Umelichora kwa penseli, umelipaka rangi ya kahawia, ukapewa tiki. Mkoa mzima uliitwa hivyo mpaka kaunti zikaja. Lakini ukiuliza nani alisema hili ni bonde la "ufa" na si bonde la kawaida tu, kimya. Darasa zima linaangalia dari.

Jibu ni karani. Karani wa biashara ya sufi, jijini London. Jina lake John Walter Gregory, na leo nataka tuongee juu yake, kwa sababu kuna kitu alikiona hapa kwetu mwaka wa 1893 ambacho watu wa Kihoto, Naivasha, wamekuja kukijua maji yakiwa yashaingia jikoni.

Tuanze na yeye.

Gregory alizaliwa Januari 1864 huko Bow, mashariki mwa London. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa sufi. Kijana alipofika miaka 15 akaacha shule akaingizwa kwa hiyo hiyo biashara, kazi ya ukarani. Sasa piga picha: asubuhi mpaka jioni ni kuandika mizigo ya manyoya ya kondoo. Mwaka baada ya mwaka. Wengi wetu hapo tungesema basi, hii ndiyo njia yangu, na tungoje mshahara.

Yeye jioni alikuwa anaenda masomo. Kulikuwa na taasisi inaitwa Birkbeck, iliyoanzishwa kwa ajili ya watu wanaofanya kazi mchana. Akatoka kazini, akaingia darasani, akasoma mawe. Hakuna aliyemtuma. Hakuna mtu aliyemwahidi kazi. Alikuwa mwanajiolojia wa ridhaa, kama vile kuna wachezaji wa ridhaa: unafanya kwa sababu umependa, na hulipwi hata nauli.

Mwaka wa 1887 jumba la makumbusho la Uingereza likamwajiri katika idara ya jiolojia. Angalia tarehe vizuri. Digrii yake ya kwanza aliipata 1891. Yaani aliingia kazini miaka minne kabla ya hiyo karatasi. Walimchukua kwa sababu alikuwa anajua kitu. Mimi sisemi karatasi si muhimu, mama yangu anasoma hizi posti. Nasema tu mpangilio wake ulikuwa hivyo: kwanza alijua, halafu karatasi ikamfuata.

Sasa aje kwetu.

Mwishoni mwa 1892 alipata ruhusa kazini, akajiunga na msafara mkubwa uliokuja Afrika Mashariki, yeye akiwa mtu wa mimea, wanyama na mawe. Msafara ukavunjika kabla haujafika popote. Mtu mwingine angepanda meli arudi nyumbani na hadithi ya kusikitisha. Gregory akabaki. Akapanga msafara wake mdogo wa wapagazi kama 40, akatoka Mombasa mwaka wa 1893, akatembea. Miezi mitano hivi, kwa miguu: Ukambani, Kikuyu, akashuka ukingo wa bonde, Naivasha, Elmenteita, Baringo, akapanda Laikipia, akaenda mpaka kwenye barafu ya Mlima Kenya. Alikuwa na miaka 29.

Wacha niseme wazi: hakuwa mtu wa kwanza kuliona bonde. Wamaasai walikuwa wanachunga humu na walishalipa ziwa jina. Naivasha inatokana na neno lao, Nai'posha, maji yanayochafuka, yanayokwenda na kurudi. Kumbuka hilo neno, tutalihitaji. Hata Wazungu wengine walishapita: Gustav Fischer Mjerumani na Joseph Thomson Mskoti, wote mwaka wa 1883. Yule Fischer ndiye mwenye jina kwenye ule mnara wa mwamba pale Hell's Gate ambapo mnapigia picha. Na kule Vienna kulikuwa na profesa, Eduard Suess, ambaye mwaka wa 1891, bila kukanyaga Afrika, alisoma ripoti za wasafiri na ramani zao akasema: hii lazima iwe ardhi iliyopasuka.

Kwa hivyo kulikuwa na walioona bila kupima, na aliyewaza bila kuona. Gregory alikuja kuangalia kama ni kweli.

Na hapa ndipo napenda akili ya huyu jamaa. Bonde linaweza kutokea kwa njia ya kawaida: mto unachonga, unachonga, miaka inapita, unapata bonde. Kama ni mto, basi sakafu ya bonde inateremka upande mmoja, kwa sababu maji hayapandi mlima. Sasa angalia letu. Naivasha iko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Ukienda kaskazini, Baringo iko chini ya mita 1,000. Ukienda kusini, Magadi iko kama mita 600. Yaani Naivasha ndiyo mgongo, na bonde linateremka pande zote mbili. Hakuna mto wa dunia hii unaoweza kuchonga kitu kama hicho. Halafu maziwa yamekaa humo ndani kama maji kwenye sufuria, mengi hayana njia ya kutokea.

Basi kama si mto, ni nini? Shika matofali matatu, uyabane kwa mikono miwili yakiwa yamesimama kando kando. Sasa legeza mikono taratibu. La katikati linashuka. Hiyo ndiyo hoja. Gregory alitazama kuta za bonde, akaona tabaka za mawe ya volkano zimekatika, zimeshuka kama ngazi. Ardhi ilivutwa pande mbili, ikapasuka kwa nyufa ndefu zinazoenda sambamba, na kipande cha katikati kikazama. Ndiyo maana ukishuka kutoka Limuru kuelekea Mai Mahiu masikio yanaziba: unashuka kutoka tofali la pembeni kwenda tofali la katikati. Wale jamaa wanaouza kofia za ngozi ya kondoo pale kwa mandhari wamesimama kwenye ukingo wa ufa.

Kwa bonde la aina hiyo akachagua neno, akaliandika kwenye kitabu chake cha 1896, The Great Rift Valley. Kiswahili tukasema Bonde la Ufa. Wanajiolojia mpaka leo wanaliita tawi hili letu la mashariki kwa jina lake: Ufa wa Gregory.

Na zile nyufa hazikufa. Januari 1928 tetemeko kubwa lilipiga Subukia, ardhi ikapasuka kwa urefu wa kilomita nyingi kando ya ukingo uleule wa Laikipia. Joto lililo chini ya nyufa hizo ndilo linalochemsha mvuke wa Olkaria, ambako mtambo wa kwanza ulianza kutoa stima mwaka wa 1981. Kwa hiyo ukichaji simu yako sasa hivi, kuna uwezekano mkubwa unatumia ule ufa.

Lakini pia si kila ufa ni Ufa. Mnakumbuka Machi 2018, barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ilipokatika na shimo refu likatokea? Intaneti ilisema Afrika inagawanyika wiki hii. Watu walikuwa karibu kuomba pasipoti ya bara jipya. Wanajiolojia wengi walioangalia wakasema pole pole: udongo wa majivu ya volkano ulikuwa umejaza ufa wa zamani, mvua kubwa ikausomba. Bara linavutwa kweli, lakini kwa milimita chache kwa mwaka. Hiyo ndiyo tofauti ya kuona na kusoma. Wote tuliona shimo. Wachache walilisoma.

Sasa twende Kihoto.

Kama hujui, Kihoto ni mtaa wa Naivasha, chini kabisa upande wa ziwa. Keja za kupanga, maduka, makanisa, shule, watu wanaofanya kazi kwenye mashamba ya maua. Mwaka wa 2020 ziwa lilipanda likaingia mtaani. Mwaka wa 2025 likarudi, vibaya zaidi. Watu walitolewa kwa mashua. Si kwa gambuti, mashua. Maelfu walihama. Vyoo vya shimo vikajaa, maji ya visima yakachafuka, na kiboko akawa jirani. Kuna watu walijenga kwa mkopo, na mkopo hauzami na nyumba. Unabaki ukikudai ukiwa umepanga kwingine.

Na maneno yaliyosemwa sana yalikuwa haya: "Hakuna mtu angejua."

Hapo ndipo mimi na wengine tunakosana. Ilijulikana, na haikuanza kujulikana jana.

Gregory alipokuwa anatembea bondeni aliona mashapo, yaani udongo laini ulioachwa na maziwa ya kale, mahali ambapo leo ni nchi kavu. Aliandika wazi kwamba humu ndani kulikuwa na maziwa makubwa kuliko haya. Kati ya 1927 na 1928 akaja Mswidi, Erik Nilsson, akapima fukwe kuukuu zinazozunguka Naivasha na Nakuru, mistari iliyochorwa na maji juu sana ya pale ziwa lilipo. Unaweza kuona ushahidi bila digrii: ukipita Kariandusi karibu na Gilgil, lile jiwe jeupe linalochimbwa, jepesi kama chaki, ni masalio ya viumbe wadogo mno walioishi majini. Uko juu ya sakafu ya ziwa, ndugu. Hata lile korongo la Hell's Gate, ambalo mnaenda kwa baiskeli, lilikuwa mlango wa kutokea maji, zamani ziwa lilipojaa mpaka likamwagika kusini.

Na si habari ya maelfu ya miaka tu. Wazee wanakumbuka mvua kubwa za 1961 na jinsi maziwa yalivyopanda miaka iliyofuata. Halafu kinyume chake, 2009 Naivasha ilishuka mpaka watu wakahofia itakauka. Na hapo ndipo mtego ulipo. Ziwa likirudi nyuma linaacha ardhi tambarare, nyeusi, yenye rutuba, karibu na mjini, na ya bei nafuu. Ukiiona mwaka mkavu unaona ploti. Ziwa linaona kitanda chake.

Maji yanayopanda sasa yana sababu zake. Ripoti ya serikali ya 2021 kuhusu maziwa ya bonde ilitaja kwanza mvua iliyoongezeka kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi, ikataja pia jinsi tunavyotumia ardhi ya juu: misitu ikikatwa, udongo unasombwa na mito kama Malewa na Gilgil unakuja kujaa ziwani. Miendo ya ardhi yenyewe nayo ilitajwa. Kwa hivyo sitaki kumlaumu mtu wa Kihoto kwa mvua. Wala sisemi mtu maskini ana ujinga kwa kununua alichoweza kununua. Mtu anayelipwa mshahara wa shamba la maua hana orodha ndefu ya mahali pa kujenga. Anayepaswa kujibu kwanza ni aliyekuwa na ramani mezani na bado akagawa, akapima, akauza.

Ila nasema hivi: maarifa yalikuwepo miaka zaidi ya 100, yakakaa kwenye vitabu huko mbali. Hayakushuka mtaani. Na yasiposhuka, kila kizazi kitadhani maji yamekuja kwa mara ya kwanza.

Kabla hamjaanza kumtengenezea Gregory sanamu, subiri. Huyu mtu alikuwa na upande mwingine, na historia ya nusu ni uongo nusu. Mwaka wa 1925 aliandika kitabu kiitwacho The Menace of Colour, akitetea watu wa rangi tofauti watengwe. Alisoma mawe yetu vizuri sana na akatusoma sisi vibaya sana. Na ujuzi wa ardhi haukukaa peke yake: reli ilifika Naivasha na Nakuru mwaka wa 1900, na mwaka wa 1904 Wamaasai wakahamishwa kutoka malisho haya haya ili walowezi wapate nafasi. Ramani nzuri inaweza kumsaidia mwizi pia.

Kuna na wale wapagazi. Watu 40 hivi walibeba chakula, mahema, na kila kipande cha jiwe alichookota. Lugha ya misafara siku hizo ilikuwa Kiswahili, hii hii tunayoongea hapa. Lakini milimani hakuna jina lao hata moja. Kule Mlima Kenya barafu mojawapo iliitwa Gregory. Hiyo barafu sasa imeyeyuka yote, imeisha.

Kwa hivyo kwa nini bado namwandikia posti nzima? Kwa sababu njia yake ya kufanya kazi si mali ya Waingereza, na haikuhitaji ruhusa ya mtu. Unatembea, unaangalia, unauliza kwa nini hiki kiko hapa na si pale, unaandika. Hakuacha hata alipozeeka. Alifundisha Melbourne, kisha Glasgow kwa miaka 25. Mwaka wa 1919 alirudi Kenya, na katika safari hiyo akagundua zana za mawe kule Olorgesailie, miaka zaidi ya 20 kabla ya akina Leakey kuanza kuchimba pale. Alifariki Juni 1932 nchini Peru, mtumbwi ulipopinduka kwenye mto Urubamba. Alikuwa na miaka 68 na bado alikuwa barabarani anatafuta mawe. Karani wa sufi.

Sasa turudi kwetu, sisi tunaotumiwa matangazo ya ploti kila siku: "Dakika tano kutoka ziwani, hati tayari." Kabla ya kulipa deposit ya hiyo ploti, kuwa mwanajiolojia wa ridhaa kwa siku moja. Haigharimu kitu.

Angalia udongo. Ukichimba kidogo ukakuta matope laini ya kijivu au vigamba vya konokono wa majini, jiulize walifikaje hapo. Angalia miti. Ile migunga yenye gome la manjano hupenda mahali ambapo maji hayako mbali chini ya ardhi. Mafunjo ndiyo usiulize hata swali, hapo ni ziwa limetoka kidogo tu. Angalia mwinuko: simu yako inaweza kukuonyesha uko mita ngapi, ingawa hukosea kidogo, na ofisi ya upimaji pale Ruaraka inauza ramani zenye mistari ya miinuko. Linganisha na usawa wa ziwa. Kama tofauti ni mita mbili tatu, hata hati iwe na mihuri kumi, maji hayasomi mihuri.

Na muhimu kuliko yote, uliza wazee. Usiulize anayeuza. Uliza shosho ambaye hana faida yoyote kwenye hiyo biashara: maji yalifika wapi wakati ule wa mvua kubwa? Atakuonyesha kwa kidole, atakuambia mpaka kwa ule mti, mpaka kwa ile reli.

Jina lenyewe la mtaa linanichoma moyo. Kwa Kikuyu, kihooto ni hoja ya haki, ile ukishaisikia huna cha kujibu. Wazee husema inaweza kuvunja upinde uliokwisha kuvutwa. Watu wa Kihoto wanadai haki na wana haki ya kudai: mahali pa kukaa, majibu kuhusu nani aliidhinisha nini, na mpaka wa ziwa uwekwe mahali ambapo kila mtu anaweza kuuona kabla ya kutoa pesa zake. Lakini hoja inahitaji ushahidi, na ushahidi uko chini ya miguu yetu na vichwani mwa wazee wetu, na wazee hawangoji.

Kwa hivyo wikendi hii, kama uko Naivasha, Gilgil, Elmenteita, Nakuru au Baringo, nenda kwa babu au shosho na simu yako. Muulize ziwa lilifika wapi, mwaka gani. Mrekodi. Tembea mpaka mahali hapo, piga picha, andika tarehe. Ukimaliza, tuma kwa kila mtu unayemjua anayetafuta ploti.